Utepe na Mwezi wa Pili

Jumatatu, 4 Oktoba 1982, Chicago

Mashine ya pinboli, mchezo wa kurusha gololi isianguke chini, aliyoibuni Baba, "Mwezi wa Pili", imewekwa leo kwenye duka la kufulia nguo la Mtaa wa Noble. Majaribio ya siku tatu! Duniani ipo hii moja tu. Ikipendwa, kiwanda kitatengeneza maelfu. Isipopendwa, itakatwa iwe rafu, kama saba zilizotangulia. Vitabu vyangu vyote vinalala juu ya ndoto za Baba.

Kando yake ipo mashine ya babake Doreen Kessler, naye mbunifu wa kiwanda hichohicho. Doreen aliniuliza kama kwetu bado kuna nafasi ukutani ya rafu nyingine. Nilimshukuru kwa kuuliza. Nimelelewa vizuri.

Jumanne, 5 Oktoba

Balaa! Jirani yetu Bi Halina aliisukuma mashine, ikazimika. Ndani huning'inia timazi dogo, kama la fundi mwashi. Ukitikisa sana, linagusa pete ya chuma inayolizunguka, mchezo kwisha. Bi Halina akasema mashine ya babangu ina roho mbaya kama marehemu mumewe.

Nikachukua ufunguo wa Baba. Nimelifunga timazi kwa utepe wangu wa nywele. Sasa unatikisa utakavyo na gololi haianguki. Inaelea! Nguo zinazunguka kama sayari, sabuni inanukia... Nilisahau kwenda kula.

Jumatano, 6 Oktoba

Ushindi! Bi Halina alikuja asubuhi na foronya moja. Nilipotoka shule alikuwa kwenye mchezo uleule. Doreen akauliza, kwani huyu bibi kahamia humu? Waliochoka kungoja walihamia mashine ya babake. Niliwahurumia.

Alhamisi, 7 Oktoba

Wakubwa wa kiwanda wamesoma kaunta, ambayo huhesabu michezo. Ya babake Doreen: mia mbili na kumi na minne. Yetu: kumi na mmoja. Bi Halina akawaambia wasogee, hajamaliza.

Baba alifungua mashine, akauona utepe. Akaufungua taratibu, akanirudishia. Aliuliza tu kama kweli gololi ilielea. Nikamwambia ilielea.

Jumapili, 10 Oktoba

Rafu ya nane ni nzuri. Matundu ya taa yanaingia penseli.

Baba anachora mpya, "Bahari ya Theluji". Nimelitafakari kosa langu kwa unyofu, kama Sista Bronisława anavyotufundisha shuleni: mchezo ulikuwa mrefu mno. Safari hii uishe upesi. Chini kuna vipigio viwili vinavyoirudisha gololi juu; visipocheza, mchezo kwisha.

Nimeshaupiga pasi utepe.