Mgeni Asiondoke

Jumatatu, 2 Juni
Mkutano wa wenye nyumba za wageni. Shirika la kimataifa limekuja na mpango: wenye utalii endelevu watapewa mafunzo na kuletewa watalii. Mtaalamu wao, dada mpole mwenye miwani, alieleza asubuhi nzima. Mimi nilikaa chini ya feni inayokwaruza, nikaambulia neno hilo tu. Endelevu! Niulize? Mbele ya Bi Tabasamu, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akiandika kila kitu? Thubutu! Nimelichambua mwenyewe njiani. Endelevu, yaani kuendelea. Mgeni akifika, aendelee kukaa. Asiondoke!

Na lazima nifaulu. Nyumba ni urithi wa mke wangu, na shemeji, kaka yake, anataka kuigeuza ghala la saruji mwezi ukiisha. Eti vyumba vinalala vitupu.

Jumanne, 3 Juni
Nina mgeni mmoja tu, fundi wa mizani za maduka. Kazi kamaliza, kesho anaondoka. Balaa! Nikamwambia barabara imekatika. Akauliza imekatwa na nini. Nikasema mafuriko. Akachungulia nje. Vumbi tupu. Nikasema mafuriko ya bomba. Hakuniamini, lakini alibaki na wasiwasi. Na mimi pia, sijui kwa nini.

Jumatano, 4 Juni
Nimebuni huduma mpya: kufua nguo zote za mgeni, bure. Fundi akafurahi. Suruali zake zote mbili ziko kwenye beseni. Zikikaribia kukauka, naziloweka upya. Mke wangu akauliza kwa nini mtu mzima kajifunga shuka ukumbini. Nikamjibu huo ndio utalii wa kisasa. Akanigusa paji la uso, kuona kama nina homa.

Alhamisi, 5 Juni
Kichekesho! Bi Tabasamu anatenganisha taka kwenye mapipa na kukinga maji ya mvua ya paa lake kwa mabomba, wakati wageni wake wanaondoka mmoja mmoja, tena anawapungia mkono! Masikini, hajaelewa kitu. Akavuka barabara kuniambia mtaalamu anakagua kesho, nifunike ule mtaro wangu wa maji machafu. Mtego huo! Nimeuacha wazi.

Ijumaa, 6 Juni
Sielewi. Sielewi hata kidogo.

Mtaalamu alikuja. Akauliza maji machafu yanakwenda wapi. Nikajibu kwa fahari kwamba kwangu hakiondoki kitu, si maji, si mgeni. Nikamtoa fundi kama ushahidi. Fundi, shuka kiunoni, akamwangukia:

“Dada, una gari? Nichukue, tafadhali!”

Mtaalamu akamuuliza amekaa hapa tangu lini.

“Sijui, dada. Suruali zangu hazikauki.”

Mtaalamu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama upya. Kisha wakaondoka pamoja, fundi kabeba suruali zinazochuruzika. Mke wangu akakaa kwenye ngazi. Sikujua analia au anacheka. Mabega yalikuwa yakitikisika tu.

“Baba watoto,” akasema, “utalii endelevu ni ule usioharibu maji, mazingira wala maisha ya majirani, ili kesho pawe bado na kitu.”

Nikauliza kwa nini hawakusema hivyo mapema. Akasema walisema. Asubuhi nzima.

Jumamosi, 7 Juni
Mke wangu amevuka barabara, akanywa chai na Bi Tabasamu, akarudi na mapatano. Wageni wakimzidi jirani, watalala kwetu. Mtaalamu ameafiki, ila kwanza mtaro ufunikwe. Shemeji ameambiwa saruji yake isubiri. Nimechimba na kufunika mchana kutwa, mgongo si wangu tena. Bi Tabasamu akaniletea maji ya kunywa. Alitabasamu. Hakunicheka. Hilo nalo limenichanganya.

Jumapili, 8 Juni
Habari njema! Mke wangu anasema shirika limeridhika, sasa tunaingia hatua ya pili: utalii jumuishi. Alitaka kunieleza maana yake. Nikamzuia. Mimi si mtoto! Jumuishi, yaani kujumuisha. Watu wote pamoja. Sasa vyumba vitatu vya nini? Ukuta kati ya cha kwanza na cha pili ni matofali mabichi tu. Mke wangu yuko sokoni hadi mchana. Nimeazima nyundo.