Katika Ukoo Wetu Hakuna Mkojo Mweusi

Ndugu Mkuu wa Maabara,

Natumaini u mzima. Mimi ni babu wa yule mtoto wa miezi minne ambaye nepi zake hugeuka nyeusi zikikaa, na ambaye mkojo wake mliupima wiki iliyopita. Ni fundi cherehani mstaafu, mtu wa heshima zangu, sijawahi kugombana na maabara. Safari hii mmenichokoza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtaalamu wenu mwenye miwani aliuacha mkojo wa mjukuu wangu mezani tangu asubuhi mpaka ukawa kama kahawa. Hata ndizi ikiachwa mezani hugeuka nyeusi, na hatujasikia ikiambiwa ina ugonjwa wa kurithi! Kisha akaupitisha kwenye mashine, akadai kuna asidi ambayo mwili wa mtoto hauwezi kuivunja.

2. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoa majibu, bila mashine. Nilimwambia mkwe wangu, mama wa mtoto, mbele ya watu kwamba weusi ule umetoka kwao. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Akambeba mtoto, akarudi kwa wazazi wake. Sasa ninyi mmeandika, na mhuri juu, kwamba ugonjwa huu mtoto huupata kwa baba na kwa mama, pande zote mbili. Uso wangu niuweke wapi?

3. Mwanangu, tangu aisome karatasi yenu, anakula amesimama, hataki kukaa nami. Ananiambia nikamwombe mkewe radhi. Mimi, niliyemfundisha kufunga vifungo!

4. Muuguzi wenu amenipa chupa, eti ukoo wote upimwe kuanzia kwangu. Akaniuliza kama mgongo na magoti yananiuma. Yananiuma kwa miaka arobaini sasa, na sababu ni cherehani. Akauliza tena mkojo wangu ukikaa huwa na rangi gani. Nani hukaa kuungojea? Kwa miaka sabini sasa, nikimaliza haja nafunga mlango wa choo, naondoka zangu.

Kwa hiyo naomba neno "baba" lifutwe kwenye karatasi ile, "mama" libaki peke yake. Meza yenu ifungiwe. Na ipitishwe sheria kwamba upande wa mwanamume watu warithi mashamba na majina tu, magonjwa hapana.

Kama ushahidi naleta chupa yangu, niliyoijaza alfajiri kabla ya kushika kalamu. Ilikuwa ya manjano, safi kabisa.

Nisalimie muuguzi, mwenye miwani, hata mlinzi aliyenionyesha choo.

Ni mimi, mtetezi wa damu yetu,
Babu wa mtoto

Tanbihi: Vidole vyangu ni vizito, barua imenimalizia siku. Sasa hivi nimegeuka niifunge chupa kwenye gazeti, nikadhani nimeshika chai yangu ya rangi. Nimeinusa. Si chai.

Nyani haoni kundule. Futeni malalamiko yote, ila chupa ipimeni, ataileta mwanangu. Mimi nimekwisha kuvaa viatu, nakwenda kwa wazazi wa mkwe wangu. Nimeona haya, na mjukuu nimemkumbuka. Nitasema mbele ya watu walewale. Dawa ya magoti msinipe kwanza. Yanauma, lakini leo nitayapiga.