Gesi Imo, Ila Haijazinduliwa

Dizeli imepigwa marufuku moyoni. Barabarani bado ipo, tena tele, lakini moyoni, kwa mujibu wa Waraka Nambari Saba wa Idara ya Uenezi wa Vituo vya Gesi Asilia, kila mwananchi mpenda maendeleo ameshaachana nayo. Waraka huo uliandikwa na Bwana Lennox Tsofa, Kaimu Mkurugenzi, naye asubuhi ile aliusoma kwa sauti mbele ya kioo cha choo cha ofisi, mkono mmoja kifuani.

Hilo neno "Kaimu" lilimkaa Lennox kooni kama mwiba wa samaki. Miaka mitatu anakaimu! Kaimu hana dereva. Kaimu akikohoa kikaoni, watu wanaendelea kuzungumza. Lakini leo Bwana Ronald Odera, Katibu wa Nishati Mbadala, alikuwa anakuja kuzindua kituo cha gesi ya malori pale Ganjoni, na alikuwa ametamka kwa kinywa chake: "Uzinduzi ukienda vizuri, tutakuthibitisha."

Kituo chenyewe kilikamilika miezi minane iliyopita. Gesi imo, pampu ni mpya, na mhudumu, Eddah, analipwa kila mwezi kwa kuifuta vumbi. Ila serikali ina utaratibu wake, si kibanda cha mahamri. Daraja halivukwi, bomba halifunguliwi, choo hakiingiwi mpaka mgeni rasmi akate utepe. Na mgeni rasmi alikuwa ameahirisha mara nne: mara ana matanga, mara hema ni la rangi ya chama kingine, mara jiwe la uzinduzi limesahau kumwita Daktari. Mara ya nne hakutoa sababu yoyote, na Lennox akaona huo ndio ukubwa.

Waliopata usumbufu mdogo ni madereva. Sitini na wawili walikuwa wameitikia wito wa Idara, wakang'oa injini za dizeli, wakafunga za gesi, wakaja na gesi kidogo ya majaribio. Matrela yao yalijipanga kutoka pampuni mpaka Mbaraki, kuku wakataga chini ya magurudumu. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Ogutu, ambaye gesi yake ya majaribio ilimwishia palepale mbele ya pampu. Kila asubuhi alikwenda dirishani kwa Lennox.

"Mkurugenzi, gesi imo?"

"Imo, tena safi."

"Pampu yafanya kazi?"

"Mno."

"Basi nijazie, bwana. Huu mzigo wa tatu umechukuliwa na mtu wa dizeli."

"Haijazinduliwa, ndugu yangu. Nikikujazia wewe leo, mgeni rasmi atazindua nini?"

Ogutu humtazama, husema "Haya," kisha hurudi kulala chini ya trela lake.

Gari la Katibu nalo lilikuwa la gesi. Ni Lennox aliyeshauri hivyo, na kwamba tangi la petroli ling'olewe kabisa ili taifa lione msimamo. Lilijazwa Nairobi, likaletwa Mombasa juu ya lori la dizeli, maana njiani hakuna kituo kilichozinduliwa. Ratiba ilisema ndilo litakalojazwa la kwanza. Lakini Katibu alitaka kwanza kupigwa picha nalo mbele ya Ngome ya Yesu, injini ikiwaka ili kiyoyozi kisimsaliti. Ikawaka saa mbili nzima. Kisha akataka picha moja ya Ndia Kuu, kule Mji wa Kale, milango ya nakshi ionekane nyuma.

Saa nne na robo simu ya Lennox ikalia.

"Kaimu, gari limezima. Gesi imekwisha. Nitumie kwa dumu."

"Mheshimiwa, gesi hii haiingii dumuni."

"Mbona dizeli huingia?"

"Hiyo ni dizeli, mheshimiwa. Sisi tumeendelea."

Gari la kuvuta magari mabovu lilikuwepo, tena karibu, lakini lilikuwa la dizeli, na wapiga picha walikuwa wamejaa. Tuktuk Katibu hakutaka hata kuisikia. Picha ya dizeli ikiburura gesi ingemmaliza Lennox kabla ya adhuhuri. Ilibaki kusukuma. Akawakimbilia madereva, waliokuwa hemani wakinywa soda za uzinduzi.

"Ndugu zangu, twendeni Ndia Kuu mkamsukume mgeni rasmi!"

Ogutu akafuta mdomo. "Huko kusukuma kumezinduliwa?"

"Kumefanywaje?"

"Sisi ni raia, Mkurugenzi. Tusije tukasukuma kitu ambacho mgeni rasmi hajakifungua. Umetufunza mwenyewe, miezi minane. Yeye aanze. Sisi tutapiga makofi."

"Naam! Makofi tutapiga!" wakaitikia wenzake. Na kweli walikwenda, wote sitini na wawili.

Katibu alipoelezwa, alifoka. Lakini wapiga picha walikuwa wameshajipanga. "Mheshimiwa, shika hapo nyuma. Tabasamu kidogo." Akavua koti, akashika. Lennox akashika ubavuni pake. Gari likasogea, makofi yakapasuka. Katibu akataka kuachia, makofi yakazidi, na mkubwa wa kuyapa mgongo makofi hajazaliwa bado.

Bi Mejumaa, aliyekuwa akikaanga viazi karai mlangoni pake, akasimamisha mwiko hewani.

"Wasukuma nini hawa, jamani?"

"Mbadala wa dizeli, shangazi," Ogutu akamjibu, akipiga makofi.

"Ala! Basi watafika, inshallah." Akarudi kwenye viazi vyake.

Jua lilikuwa utosini walipoikaribia Ganjoni. Shati la Lennox lilikuwa limemgandia mgongoni, viganja vimechubuka. Akaona wakati ndio huu.

"Mheshimiwa, ule uthibitisho wangu..."

"Upi?" Katibu alihema. "Ahaa. Nafasi ile tumempa Morris, shemeji yangu. Anaanza Jumatatu, utamwonyesha kazi. Sukuma, Kaimu."

Lennox akasukuma. Alisikia uchungu, jamani, uchungu wa mtu aliyepika pilau ya harusi akaambiwa akaoshe sufuria. Miaka mitatu! Machozi yalimtoka waziwazi, na watu wakasema, tazama mtumishi anavyoipenda gesi.

Walifika saa saba. Katibu akakata utepe. Hakuhutubia, pumzi hazikumtosha, na wengi walikiri kwamba ni hotuba bora kuliko zote walizowahi kumsikia akizitoa. Kisha akaelekeza kidole kwenye pampu.

"Kaimu! Ondoa trela hilo. Gari langu kwanza."

"Haliondoki, mheshimiwa," Ogutu akasema kwa adabu. "Halina gesi."

"Basi lisukumwe!"

Hakuna aliyejitikisa. Madereva wote walimtazama Lennox. Lennox aliliangalia trela, akaviangalia viganja vyake, akakohoa. Wakanyamaza wote.

"Eddah," akasema, "mjazie Ogutu."

Eddah akavuta mpira. Pampu ikanguruma kwa mara ya kwanza tangu iletwe, na Ogutu akakaa chini pale pale kwenye saruji, kofia usoni, mabega yakimtikisika.

"Wewe, umerukwa na akili?" Katibu alipiga kelele. "Mimi ndiye mgeni rasmi hapa!"

"Ulikuwa, mheshimiwa," Lennox akamjibu. "Umeshazindua. Foleni inaanzia kule Mbaraki."