Siku Mkuu wa Chuo Aliponyimwa Kiti

Enyi mliokaa na enyi mliokosa pa kukaa, nyamazeni, mwenye kikohozi akimeze, mpate habari ya vita vikuu vilivyopiganwa katika stoo ya chuo, kati ya ndoo za rangi na mafagio yaliyokwisha meno, siku elimu ya makumbusho ilipogombea kuitwa elimu.

Elimu hiyo ilikuwa na jemadari mmoja tu, mwanamke ambaye wanafunzi wake walimwita Bi Usiguse, simba jike wa vumbi, mshika brashi asiyetetereka. Adui yake alikuwa shemeji yake, mwalimu wa Historia, sultani wa ghorofa ya juu, aliyetaka somo lile limezwe na idara yake, liwe kipindi cha Ijumaa baada ya chakula, saa ya kusinzia. Na asubuhi hiyo Mkuu wa Chuo, mzito wa cheo na mzito wa kiuno, alikuwa anakuja kuamua.

Akaja, jasho likimtiririka. Akatupa macho kutafuta pa kukaa, na kiti kilikuwa kimoja, kile kile walichojifunzia wanafunzi kutunza vitu vya kale: cha mbao, cha kale, kimezungushiwa kamba.

"Karibu ukae, Mkuu," akasema shemeji kwa ulimi wa asali, akiinua kamba.

Moyo wa Bi Usiguse ukapiga ngoma ya vita. Akimwacha akae, yote aliyofundisha ni upepo. Akimzuia, somo limezikwa. Akajitosa kati ya kiti na yale makalio ya mamlaka.

"Ewe Mkuu! Kitu kikishaingia makumbusho kimestaafu kazi. Hata angekuja mama yangu mzazi, angesimama!"

"Shemeji, una wazimu?" yule akanong'ona. "Ni kiti tu!"

"Kilikuwa kiti, shemeji. Na hiyo kamba iache."

Majeshi mawili yakatazamana, kamba katikati, mshale wa kwanza haujarushwa. Mkuu, kwa kukosa la kufanya, akaweka mikono nyuma, akakiinamia kile kiti. Akatazama. Akazunguka upande wa pili, akatazama tena.

"Mbona mkono mmoja umelika, na mwingine mzima?"

"Mbao mbovu," akajibu shemeji upesi.

"Mbovu upande mmoja? Acha masihara. Pengine aliyekikalia alikuwa fundi nguo. Au mama anayelaza mtoto upande huu." Mkuu akakuna kidevu. "Sasa tutajuaje?"

"Hapo, Mkuu," akasema Bi Usiguse, kama mtu anayepokea funguo za mji, "ndipo somo linapoanza."

Mkuu akabaki pale akiuliza mpaka miguu ikamvimba, na alipotoka akichechemea, somo lilikuwa tayari idara.

Jioni mama yake Bi Usiguse akamuuliza, "Haya, wamekupa nini?"

"Idara, mama. Stoo ile ile na kiti kile kile."

"Basi angalau utakaa."

"Nikae wapi, mama?"

Na ikumbukwe na vizazi vyote kwamba siku ile, mbele ya kiti kitupu, idara ilizaliwa, na waasisi wake wote walikuwa wamesimama.