Robota la Kamba ya Bluu

Siku Asali alipogundua kuwa robota la mitumba halifunguliwi mpaka lilipiwe, nusura alie kwa furaha. Unalipa kwanza, unafungulia kwako, unalia peke yako!

"Jamani," alimwambia shemeji yake, kaka wa mkewe, "na watu wanaiita hii kazi halali?"

Wakakodi banda nyuma ya soko. Humo wakawa wanashindilia mapazia yaliyochanika, soksi zisizo na wenzake na mashuka yaliyokwisha kustaafu, kisha mashati matatu mazuri wanayapanga pale penye tundu la kuchungulia, na shemeji anashona gunia kwa sindano ya mkono. Wapenda vya rahisi walijileta wenyewe. Aliyerudi kudai pesa yake alipewa pole tamu mpaka akaondoka akiomba radhi yeye. Jina la Asali hakupewa bure.

Nyumbani sasa. Mkewe alikuwa akilala na beseni pembeni ya kitanda, maana paa lilivuja kama chujio.

"Baba watoto, mabati lini?"

"Biashara ngumu, mke wangu. Vumilia."

Uongo mtupu! Alikuwa na bunda la noti nene kama tofali, kalivingirisha ndani ya taulo na kulizika katikati ya robota lenye kamba ya bluu. Tapeli hamwamini hata kivuli chake, sembuse shemeji. Bunda hilo lilikuwa la kununulia gari, tena jekundu. Mabati yangesubiri.

Asubuhi moja yuko upande wa pili wa mji akibembeleza wateja, ujumbe wa shemeji ukaingia: "Kuna mama anataka lile la kamba ya bluu. Nimpe?"

"USIMPE!" Asali aliandika. Ujumbe ukagoma kwenda. Bando limekwisha! Akajaribu kupiga: salio hakuna. Bwana mkubwa wa maneno akawa anawaomba simu wapita njia, nao wakamwona tapeli, wakashika mifuko yao. Alipompata msamaria mmoja, shemeji akajibu, "Ameshalichukua. Yule fundi cherehani wa jirani na kinyozi."

Alifika kwa fundi akihema. Robota lilikuwa kando ya cherehani, zima, na kamba yake. Roho ikatulia.

"Dada yangu," alianza, "dhamiri imenisuta. Hilo ni matambara matupu. Nimekuja kukurudishia pesa yako."

"Hee! Muuza mitumba naye ana dhamiri?" Fundi hakusimamisha mguu. "Matambara ndiyo niliyoyataka, kaka. Nashona mito, nayajazia ndani."

"Nakupa mara mbili."

Cherehani ikanyamaza. "Mara mbili? Hebu nilifungue nione kuna nini."

"Usifungue! Mara tatu!"

"Nne," alisema fundi, na mkono akaunyoosha.

Asali akakung'uta mifuko yote, ya suruali na ya koti, akalibeba robota kichwani mbio. Uchochoro wa kwanza akalipasua. Soksi. Pazia. Soksi. Taulo lilikuwepo, limekunjwa kwa adabu, ndani patupu. Ndipo akautazama mshono wa gunia: umenyooka, wa mashine, kazi ya mtu anayejua kazi. Shemeji hajawahi kushona hivyo maishani mwake.

Akarudi mbio, duka limefungwa. Aende polisi? Akaseme nini, kwamba pesa alizowaibia watu zimeibwa? Alizunguka mjini mpaka jioni, akichemka kwa hasira, kisha miguu ikamrudisha nyumbani.

Alisikia nyundo kabla hajafika. Juu ya nyumba yake alikuwa shemeji, anapigilia mabati mapya. Chini mlangoni, mkewe na fundi cherehani walikuwa mkekani wanakunywa chai.

"Baba watoto, karibu! Umeona maajabu? Kaka yangu kaniletea mabati."

"Ka... kapata wapi pesa?"

"Mungu hamtupi mja wake." Mkewe alimkazia macho bila kupepesa. "Mbona umenywea hivyo? Kuna kitu kimekupotea?"

Fundi akaficha uso nyuma ya kikombe. Huko juu nyundo ikatulia kusubiri jibu.

Asali akayatazama mabati.

"Hakuna kitu, mama watoto."

"Alhamdulillahi. Basi kamshikie kaka ngazi, asije akaanguka."

Akaenda, akaishika.