Jino la Boko

Habari ilitoka redioni saa mbili asubuhi, baada ya matangazo ya vifo na kabla ya tangazo la mbuzi aliyepotea Mboko. Duka moja la jumla kando ya soko la Baraka, alisema mtangazaji, lilikuwa linapokea kwa siku ya mwisho jamaa nzima ya Boko. Atakayetangulia kuleta sanamu zote sita angepewa televisheni na paneli yake ya jua. Kisha mtangazaji akapunguza mwendo, kama mtu anayesoma sheria: zote ziwe kamili, bila kasoro.

Kwa asiyekaa Baraka, nieleze. Boko ni mtoto wa kiboko katika katuni moja ya watoto. Kila pakiti ya biskuti yenye picha yake ina sanamu moja ya plastiki ndani, kubwa kama kidole gumba: Baba, Mama, Bibi, Dada, Mjomba mwenye kofia, au Boko mwenyewe. Mjomba ni wengi kama samaki wa ndagala. Boko ni haba sana. Kwa miezi miwili tumekula biskuti hizo mpaka mbuzi wa jirani yangu akipewa moja anageuza uso.

Siku hiyo, Jumamosi, tulikuwa watano kwenye benchi la Mama Adolphine, anayeuza kahawa na mandazi pembeni ya maegesho ya moto, yaani pikipiki za abiria. Mbali na yeye na mimi, alikuwepo Maître Dany, mwalimu tunayemwita Virgule, yaani alama ya mkato, kwa sababu hakuachi umalize sentensi bila kuikata. Alikuwepo Kezimana, aliyetoka Burundi zamani, ambaye kazi yake ni kuziba beseni na bidoni za maji kwa kisu cha moto. Jina lake hapo ni Daktari Beseni. Na alikuwepo Norbert, dereva wa moto, anayeitwa Sans Frein, Bila Breki. Yeye husema breki ni za watu wenye mashaka.

"Mumesikia?" aliuliza Sans Frein. "Bila kasoro."

"Tumesikia," alisema Virgule. "Mi kitu inanishangaza, ni muntu mukubwa kuikala anasikiliza redio juu ya kiboko ya plastiki."

"Maître, we uko na bangapi?"

"Ile ni ya batoto."

"Bangapi?"

Virgule alikunywa kahawa kwanza. "Bajomba bane. Na Bibi moja."

"Batoto bako beko Bukavu ku masomo," alisema Mama Adolphine. "Ule mudogo kabisa iko na ndevu."

"Ninabawekea."

"Juzi nilileta mandazi kwako. Bajomba bote bane bamesimama juu ya armoire ya nguo, mustari moja, sawa wanafunzi mbele ya bendera."

"Ile ni nidhamu, Mama. Haiko muchezo."

"Na ule wa mwisho ulimupanguza vumbi mbele yangu."

Daktari Beseni alicheka kwa pua, akaendelea kuchochea makaa yake. Sans Frein hakucheka. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akatoa soksi mfukoni. Ndani ya soksi kulikuwa na karatasi, na ndani ya karatasi kulikuwa na Boko.

Hata Virgule alisogea.

"Ulimutoa wapi?"

"Swima, jana. Nilibeba mama moja na vitunga vyake vya samaki. Katoto kake kako mu mugongo, kanatafuna kitu. Mi naangalia mu kioo ya moto, naona mukia ya kiboko. Nikasimama palepale."

"We ulisimama?" aliuliza Mama Adolphine. "Na nini?"

"Na miguu. Nikamuambia: mama, nauli wacha, nipatie ile kitu."

"Ulitoa kitu mu kinywa ya mutoto?"

"Nilimupatia biskuti."

"Alikubali?"

"Alilia mpaka Baraka. Lakini sasa jamaa yote sita niko nayo. Batano beko mu malle, sanduku ya chuma, na kufuli. Hata Divine hajuwe ufunguo iko wapi."

Divine ni binti yake wa kwanza, ana miaka tisa.

"Sans Frein, kaka yangu," alisema Mama Adolphine, "na ile télé unaitafutia nini? Muntu sawa we angetafuta breki."

Norbert alifunga soksi, akaifungua tena. Alipojibu, sauti yake ilikuwa chini kuliko kawaida.

"Batoto bangu batatu banaangaliaka katuni ku dirisha ya jirani yetu Suzanne. Bananyamaza, habagusi kitu. Sasa Suzanne ametundika rido, kitambaa ya kufunika dirisha. Juzi napita pale, nakuta beko palepale, bamesimama. Banaangalia rido."

Daktari Beseni aliacha kuchochea.

"Rido ya rangi gani?" aliuliza Virgule, kwa sababu hawezi kuacha.

"Maître, kunywa kahawa," alisema Mama Adolphine.

Virgule, labda kwa kuona haya, aliomba amtazame Boko kwa karibu. Alivaa miwani, akamgeuza juu, akamgeuza chini, akamwelekeza kinywa kwenye mwanga wa jua. Halafu akamrudisha mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Sipendi kusema," alisema, "lakini huyu iko na pengo. Jino ya mbele haiko."

Sote tuliinama. Ilikuwa kweli. Meno yote ya Boko yalikuwa yamepangika vizuri, isipokuwa mbele, juu, ambapo palikuwa na nafasi tupu.

"Ni kale katoto ka Swima," alisema Sans Frein, akishika kichwa. "Kamemutafuna jino. Na redio imesema bila kasoro."

"Leta," alisema Daktari Beseni.

Hapa kwetu kitu hakitupwi kwa sababu ya tundu. Beseni linazibwa mara tano, na mwishoni linabaki viraka vitupu, nalo bado linaitwa beseni. Kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu Daktari alipotoa mfukoni kipande cha mswaki mweupe, kifupi kama ncha ya kidole, akakikata, akapasha kisu moto, akamwambia Boko atulie.

"Muulize kama iko na tension ya damu," alisema Mama Adolphine.

"Usimuchekeshe," alisema Daktari. "Atatingisha."

Kazi ilichukua muda wa kikombe kimoja. Jino lilikaa. Lilikuwa jeupe kuliko mengine na limezidi kidogo, lakini lilikaa. Daktari alilivuta kwa ukucha kuonyesha kwamba halitoki.

"Hii jino itabaki hata plastiki yenyewe ikiisha," alisema.

Sans Frein alimrudisha Boko ndani ya soksi, akapita nyumbani kuchukua wale watano, na tukasikia moto yake ikielekea sokoni kwa kasi iliyowatawanya kuku wote wa barabara ile.

Alirudi baada ya nusu saa. Alirudi polepole, jambo ambalo hatukuwa tumeliona bado.

"Bon," alisema Virgule. "Iko wapi télé?"

Sans Frein alikaa. Mama Adolphine akammiminia bila kuulizwa.

"Monsieur Willy, ule agent wa biskuti ametoka Uvira, aliangalia bote. Baba, sawa. Mama, sawa. Bibi, sawa. Akafika ku Boko, akaniuliza: huyu ni nani? Nikamuambia, ni Boko. Akasema: hapana, Boko hana jino ya mbele."

"Namna gani hana?"

"Hivi ndivyo anatokaka ku usine, kule banamutengenezaka. Ku filimu, mwanzo kabisa, Boko anauma jiwe, anafikiri ni mukate. Jino inaanguka mu maji. Filimu yote ni kutafuta ile jino. Anaulizaka samaki, anaulizaka chura, anaulizaka Mujomba."

"Kwa hiyo ukimupatia jino," Virgule alianza.

"Filimu imekwisha," alimaliza Mama Adolphine. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumkata Virgule.

"Tuseme ukweli," aliendelea mama. "Hapa ku benchi, nani ameisha kuona hii filimu? Hata kidogo."

Daktari alitazama makaa. Mimi nilitazama kikombe changu.

"Mi nilionaka picha ku pakiti," alisema Virgule.

"Ku pakiti amefunga kinywa, Maître."

"Hata," alisema Sans Frein, "si mi peke yangu. Ku meza ya Willy kuko jamaa zingine nane, za watu nane. Boko zote nane ziko na jino. Nyeupe, imezidi kidogo. Willy akaniambia: nimetembea toka Uvira, sijaona mahali viboko viko na meno mazuri sawa Baraka."

Polepole, bila kupatana, sote tuligeukia makaa.

"Daktari," alisema Mama Adolphine, kwa upole wote, "ile mswaki, lundi, mwanzo wa juma, ilikuwa na urefu gani?"

"Ilikuwa mzima," alisema Daktari Beseni.

"Na haukushangaa? Viboko tisa, pengo moja, mahali pamoja?"

"Mama, kwetu beseni zote zinatobokaka mahali pamoja. Mi nashangaa wakati gani?"

Nilipofikiri baadaye niliona jibu lake lilikuwa na haki yake. Lakini Sans Frein alikuwa amekwisha kumwekea Boko mapajani.

"Toa."

Daktari alichukua koleo, akavuta. Kichwa cha Boko kilipinda, shingo ikanyooka, miguu ikainuka juu. Jino lilibaki. Alijaribu kisu, na Sans Frein akapiga kelele kwamba anamuunguza mdomo. Wakati huo walianza kufika wale wenzake wanane, mmoja mmoja, kila mtu na kiboko chake mkononi, wakajipanga mbele ya makaa kama wagonjwa kwenye dispensari. Mmoja alitoka Fizi kwa miguu.

"Kuweka ni kazi moja, kutoa ni kazi ingine," Daktari aliwaambia. "Mi nilisomea kuweka."

"Sasa mi nakataa," alisema yule wa Fizi. "Tunajua namna gani kama pengo ni ya kweli? Willy anatuambia tu. Atuonyeshe hiyo filimu."

Neno hilo lilipendwa. Watu tisa, na benchi letu nyuma yao, tulikwenda dukani. Virgule alisema anafuata tu ili utaratibu uheshimiwe. Monsieur Willy, kijana mtulivu mwenye shati lenye picha ya biskuti, alitusikiliza wote, hata tuliposema pamoja. Akasema mambo mawili. La kwanza, televisheni ingebaki dukani mpaka atokee Boko mwenye pengo, hata kama siku ya mwisho imepita, kwa sababu hawezi kuirudisha Uvira na kueleza habari ya meno. La pili, saa tisa angeiweka barazani, na kila mtu angeona kwa macho yake.

Saa tisa baraza ilijaa. Viti vya mbele vilikaliwa na wale tisa, na Virgule katikati yao na daftari. Nyuma yao walikaa watu wa benchi, nyuma yetu wateja wa soko, na nyuma kabisa, mwisho wa migongo yote, walisimama watoto. Nadhani hakuna aliyepanga iwe hivyo. Sisi tulikuja kuhakikisha, na wao walikuja tu kutazama.

Katuni ilianza. Boko alitoka majini, akaona jiwe.

"Ona, ona, mukate wa moto," ilisema sauti ndogo nyuma yetu.

Sekunde moja baadaye Boko mwenyewe, kwenye kioo, akasema maneno yaleyale. Kisha akauma. Tulisikia jino likivunjika, na Virgule akaandika: juu, mbele.

"Sasa chura ataimba," ilisema sauti ndogo ya pili.

Chura akaimba. Norbert aligeuka. Walikuwa watoto wake watatu, Divine na wadogo zake, wamesimama nyuma ya mgongo mpana wa muuza mihogo. Hawakuwa wanaona kitu. Filimu yote waliijua kwa masikio, tangu siku za rido.

Mama Adolphine naye alisikia. Alimwinamia Norbert.

"Huyu mutoto anajua yote. Anajua na pengo. Juu ya nini haukumuuliza mbele ya kupeleka kwa Daktari?"

Norbert aliibana soksi mkononi.

"Angeomba kumuchezea," alisema.

Mama Adolphine alimtazama, akatazama soksi, akatazama watoto. Halafu uso wake ukafunguka taratibu, na nikajua amepata neno.

"Sans Frein. Kitu gani mu nyumba yako ilimalizaka siku mbili mu mikono ya batoto?"

"Hakuna."

"Kiti?"

"Walivunja mbili."

"Redio?"

"Waliitoa mulango." Alimtoa Boko ndani ya soksi. Aliangalia jino la Boko, lile lililolishinda koleo.

Akainuka, akapita katikati ya watu mpaka nyuma, akamshika Divine mkono, akamwekea kiboko kiganjani. Wale wanane walikuwa wamesikia kila neno. Viti vya mbele vikaanza kulia, na baada ya muda mfupi kila mmoja alikuwa nyuma akitafuta mtoto wake. Yule wa Fizi, ambaye wake walibaki nyumbani, aliuliza kama anaweza kuazima mmoja.

"Muchezee," Norbert alimwambia binti yake. "Na badogo bako pia. Muchezee sana. Mumubebe ku maji, ku mawe, popote. Papa hatakasirika hata kidogo."

Divine alimtazama baba yake, kisha Boko, kisha baba yake tena. Alifungua ncha ya kitambaa cha kichwa, akamfunga Boko ndani, polepole, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Wadogo zake wawili wakasogea, mmoja kila upande, kumlinda.

"Usiogope, Papa," alisema. "Hatutamuangusha hata mara moja."