Kuhusu Bamba la Chuma Mgongoni mwa Hilaria

Kingerikiti,
Jumamosi.

Kwa Mwalimu Edmund,
Msimamizi wa Wazamiaji, Mradi wa Kuhesabu Samaki,
Mbamba Bay.

Mwalimu wangu mpendwa,

Pokea salamu za huku mlimani. Mama mkwe wangu, Bibi Vitalia, hajambo ila goti. Anasema ameipokea shikamoo yako hata kama hukuituma. Mzee Wendelin, baba yake Hilaria, mzima, yuko uani anachambua kahawa na anajifanya haoni ninachoandika. Kaka yake Benno mzima, mkewe Sekela mzima, mtoto wao ameota meno mawili. Jirani Walburga anakusalimu ingawa hakujui. Mbuzi nao wazima. Mgonjwa ni mimi tu, na ugonjwa wangu ni wewe.

Miaka miwili Hilaria amezama ziwani na koti la kuzamia mlilompa, nami nikalizoea. Lile ni koti. Lina mabega, lina kifua, lina mifuko sita, mmoja una zipu. Ukimwona nalo unajua huyu anakwenda kazini. Sasa amekuja likizo na mzigo wa pili: bamba la chuma la kukaa mgongoni, mkanda mgumu mrefu, na mfuko mweusi wa hewa wa kufungwa nyuma, kati ya bamba na ule mtungi wa kupumulia. Anasema mliwapangia aina tatu mezani wachague, na yeye, kwa akili zake zote nilizomsomesha, akaacha koti akachagua chuma. Jumatatu, si ya keshokutwa bali ile inayofuata, mtampima nalo majini, na akishindwa hazami tena mwaka huu.

Basi nakuarifu kwamba bamba liko kwenye sanduku langu la nguo, ufunguo uko kwenye pindo la kitenge changu, na Hilaria hashuki huko mpaka uandike kwa mkono wako kwamba atazama na koti. Sababu zangu ni hizi.

1. Ni chuma. Wewe umesoma, mimi niliishia darasa la nne, labda kuna jambo mlifundishwa baada ya hapo. Sisi huku kitu tunachotaka kielee hatukifungi chuma. Nilipomuuliza Hilaria alinijibu kwa upole, kama anavyojibiwa mgonjwa: "Mama, nikivaa bamba napunguza risasi za kiunoni, vile vipande vizito vya kunizamisha." Ndipo nikajua kwamba miaka yote hiyo mlikuwa mnamfunga risasi. Hilo nalo utalijibu.

2. Halina mifuko. Leso aweke wapi, rozari aweke wapi. Anasema chini ya maji hakuna anayepenga kamasi.

3. Mkanda ni mmoja. Unatoka begani, unapita kwenye matundu ya bamba, unazunguka kiuno, na kifungo cha kufungulia ni kimoja tu, tumboni. Siku tano mwanangu ameketi sebuleni anauingiza, anavaa, anainama, anavua, anauchomoa, anaanza upya. Upana wa kidole huku, upana wa kidole kule. Suti ya harusi ya Benno ilishonwa kwa siku moja na fundi mwenye jicho moja, ikamkaa. Nyinyi mmeleta vazi ambalo mvaaji ndiye fundi, na kitambaa hakuna.

4. Kuna mkanda mwingine unaopita katikati ya miguu. Sitaandika zaidi, maana barua hii inapita mikononi mwa dereva. Nasema tu kwamba huku tuna kigango, na katekista ana macho. Kama mlipungukiwa na nguo ya kufunika mngesema, ningetuma kitenge.

5. Mfuko wa hewa uko nyuma. Mimi nimebeba watoto wanne kwa mbeleko. Mtoto wa mgongoni akijitutumua, mama huinama. Hilo halihitaji shule. Hilaria mwenyewe amekiri kwamba siku ya kwanza, alipoujaza akiwa juu ya maji, ulimsukuma uso chini akawa kama mtu anayetafuta sindano ziwani. Anasema dawa yake ni kutoujaza sana na kujilaza nyuma kidogo. Yaani dawa ya kifaa chenu ni kukitumia nusu.

6. Mazoezi. Ili alizoee, analala kifudifudi juu ya benchi, bamba mgongoni, magoti ameyakunja, nyayo zinatazama dari, anahema polepole na hataki kusemeshwa. Ndivyo anavyotakiwa kukaa majini, anasema. Jumatano alifika mshenga wa familia ya akina Nazari kutoka Tingi, na ndugu wawili, kwa heshima zote, kuja kumposa binti. Walimkuta hivyo. Mshenga akauliza kwa sauti ya chini, "Amefariki?" Bibi Vitalia akamjibu, "Hapana, yuko kazini." Walikunywa chai wamesimama, na mpaka leo hawajaleta neno.

7. Kwa hiyo naomba koti. Kama koti haliwezekani, samaki wahesabiwe wakiwa sokoni, wametulia. Kama hilo nalo ni gumu, basi maji yapunguzwe yawe ya kiunoni, upande ule tu anaofanyia kazi. Na kama mradi hauna uwezo huo, Mwalimu, livae bamba wewe. Uingie saa nne asubuhi, nami nitakaa ufukweni na kiti changu, padri pembeni, tuhesabu. Ukiibuka tutazungumza.

Usidhani nakutania. Huyu ndiye binti pekee niliye naye. Siku akizama, mimi hupika huku nikitazama upande wa ziwa, na ziwa lenyewe halionekani kutoka kwangu. Nilikuwa nimeshazoea kuogopa na koti. Sasa mnataka nianze kuogopa upya, na chuma.

Nisalimie mama watoto na watoto. Nisalimie wazamiaji wenzake, Dunstan na Loveth, na mpishi wenu, na wote waliochagua koti.

Mimi mwenye uchungu na heshima zangu,
Otilia, mama yake Hilaria.

Nyongeza, Jumapili jioni. Gari halikupita jana, barua ikalala hapa. Niliyoandika siyafuti kwa kuwa ni ya kalamu.

Jana hiyohiyo nilitaka mzee Wendelin aone ubaya wa kitu hiki kwa macho yake, basi nikafungua sanduku, tukabeba vyote viwili mpaka shamba la bondeni kuchukua maharage. Nikaanza na koti, ili aone kitu kizuri kinavyofanya kazi. Nikafungia kiroba mgongoni, nikapanda. Sijafika hata kwenye ngolo za Walburga, yale mashimo yake ya kulimia mteremkoni, koti limeshapanda masikioni, mifuko yote sita iko kidevuni na zipu inanikwaruza shingo. Nikahamishia kiroba kwenye bamba. Mkanda ule wa katikati niliupitisha juu ya kitenge, ukakataa. Nikavaa suruali ya mzee, ukakaa. Mwalimu, nimepanda mlima mzima na mzigo haukusogea upana wa kidole. Walburga nimemsalimia kwa mikono miwili, na kuni nimeokota njiani. Nilipofika nikavuta kile kifungo kimoja, kila kitu kikashuka chini. Shingo yangu inabeba mizigo ya kichwani tangu usichana, na jana haikuuma.

Kwa hiyo lipo lalamiko la nane, nalo ndilo zito. Miaka miwili mmemshusha mwanangu majini na koti linalopanda shingoni, na wewe umenyamaza. Nani aliruhusu?

Hilaria atashuka Jumamosi. Koti hatakuja nalo, amelichukua Bibi Vitalia, kwenye mfuko wa zipu ameweka ugoro. Ila mkanda wa bamba nimeshaupima kwa mwili wangu mimi, na maharage yamebaki nusu shamba. Nijibu kabla ya Alhamisi kwa dereva huyuhuyu: mnalo bamba jingine huko la kumpimia?